Kitu Kwanza, Jina Baadaye

12 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Safari ilikuwa ndefu hata nilipofumbua macho kwenye basi sikujua kama nimelala mara moja au mara nyingi. Miti ilikuwa ileile, mwanga tu ndio uliobadilika. Shule iko mlimani. Asubuhi ukungu unashuka hadi mlangoni mwa darasa, na watoto wanatoka ndani yake mmoja mmoja, kama picha zilizochorwa kwa penseli na kutiwa rangi baadaye. Nimepewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo. Chumba cha pili sina cha kuweka. Asubuhi nakifungua kiingie hewa, jioni nakifunga.

Mdogo wangu alinipigia simu. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Wanabishana kuhusu jina, kwa hiyo mpaka sasa mtoto anaitwa "huyu".

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nimepewa Kiingereza cha darasa la kwanza, na nimeanza na nomino kama ulivyonifunza. Nikiwauliza nomino ni nini, wanaimba wote kwa Kiingereza kwamba ni jina la mtu, mahali au kitu. Wanaimba vizuri hata mwili unasisimka. Nikawaambia, "Haya, nionyesheni nomino moja humu ndani." Wote wakanyoosha kidole ubaoni, pale nilipokuwa nimeliandika neno lenyewe, "noun".

Shangazi, nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu. Wewe ulikuwa na lile sanduku la bati ulilofunga nyuma ya baiskeli, likilia kama jiko zima linahama. Naomba uniletee sanduku lile.

Ni mimi,
binti wa kaka yako

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nakurudishia ndani ya bahasha hii, ikiwa na wino mwekundu. Usinune. Mtu asiyesafiri haambiwi "uniletee", anaambiwa "unitumie". Mengine utayaona mwenyewe. Koma zako bado zinatangatanga kama kuku wasio na banda.

Hapa wote wazima. Fundi cherehani jirani yetu anakusalimu. Mashine yake imeanza kukohoa, naye anaiitikia. Magoti yangu yanalia kuliko mlango wa jikoni, lakini mlango nimeupaka mafuta. Waambie wazazi wa "huyu" wasiharakishe. Wamtazame kwanza.

Ama sanduku, kutu ilikula kitako chake zamani, na vilivyokuwamo niliwagawia wanafunzi. Lakini nyumba hii ina vitu. Nitakutumia kimoja kimoja, ila kwa sharti.

Kitu kwanza, jina baadaye. Mtoto akishike, akizungushe, akinuse, akitaka akiweke sikioni. Akishachoka kukishangaa, ndipo umpe jina lake la Kiingereza, tena kwa sauti ya kawaida, kama unayemtambulisha mgeni. Neno ambalo kitu chake hujakileta darasani, usilifundishe. Hata watoto wakikuomba. Hata mwalimu mkuu akikuomba. Sheria hii nimeishi nayo, na haina kiraka.

Naanza na kikombe cha bluu, kile chenye ufa mwembamba kama unywele. Soksi nilizokifungia ni zako za utotoni. Wala usinipigie simu kuniuliza zaidi. Simu inamaliza maneno kabla mtu hajayafikiri.

Shangazi yako

25 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kikombe kimefika kizima, na soksi zimezua mjadala wao wenyewe. Mimi sijambo, ila mafua ya ukungu. Mtoto wa mdogo wangu bado ni "huyu", na mdogo wangu anasema amechoka kutazama, anataka kuita.

Nilifanya ulivyosema. Kikombe kilizunguka darasani mkono kwa mkono, kimyakimya, kama kifaranga. Yupo msichana mdogo wenzake wanamwita Hakimu, kwa sababu hakuna ugomvi wa penseli usioamuliwa naye. Alikiweka sikioni akafumba macho. "Nasikia nyumba," akasema. Wengine wakataka kusikia nyumba, na foleni ikaenda hadi kengele ya mapumziko. Mwishowe nikasema, kwa sauti ya kawaida, "cup". Wakalipokea lile neno kama walikuwa wanalingojea mlangoni. Hakuna aliyeimba.

Hapo Hakimu akasimama.

"Mwalimu, kikombe si kimekuja kwetu?"

"Kimekuja."

"Sasa shangazi yako kule atasemaje 'cup'?"

Darasa zima likanigeukia. Kumbe wanaamini kwamba maneno yanatoka nyumbani kwako, yanasafiri kwa posta ndani ya vitu vyake, na kitu kikitoka neno nalo limetoka. Nilieleza mpaka chaki ikaisha mkononi. Hakimu akatoa hukumu kwamba kikombe kirudishwe, kwa sababu si vizuri kumwacha mtu mzima bila neno la kunywea chai. Nilimtuliza kwa kumwambia kwamba unacho kikombe kingine. Unacho, sivyo?

Sasa wanaandika majina kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika kwa gundi ya unga: mlango, dirisha, ndoo, mimi. Jana nilitembea sokoni nikiwa na karatasi mgongoni, na hakuna aliyeniambia.

Binti wa kaka yako

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wino mwekundu umepungua safari hii. Umeanza kuandika kama mtu aliyelelewa na mwalimu. Kwa mafua, vaa hizo soksi.

Mwambie Hakimu kwamba ameuliza swali zuri kuliko wakaguzi wote waliowahi kukaa nyuma ya darasa langu. Kisha mwambie kwamba neno likishakaa kichwani halihitaji tena kikombe. Kila asubuhi nasema "cup" nikiwa na mikono mitupu, na neno linakuja bila kinyongo. Swali lako la kikombe kingine halikuhusu somo, kwa hiyo nimelipita.

Nimekutumia kengele ya mkono. Jihadhari na ulimi wake, umelegea. Kwa somo la umoja na wingi nimekutumia vijiko. Kimoja kiwe mezani peke yake kwanza, wakionee huruma. Kisha mwaga vilivyobaki kwa kishindo. Herufi ya wingi wataisikia kwenye mlio kabla hujaiandika.

Kuna jambo geni. Nyumba imeanza kunijibu. Nikitamka neno sebuleni, kuta zinanirudishia taratibu, kwa sauti ya mwanafunzi asiye na uhakika. Ulipokuwa mdogo haikuwa hivi. Ilikuwa imejaa sana, haikuwa na nafasi ya kusema. Jana alasiri nilikaa sakafuni penye jua nikafundisha mlango wa mashariki hadi mwanga ukahamia mlango wa magharibi. Ni mwanafunzi mtulivu. Anarudia kila kitu na hakumbuki chochote.

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hongera zikufikie: "huyu" amepata jina, nalo ni lako. Mdogo wangu anasema alimtazama mpaka akakuona wewe, hasa anapokunja uso.

Vijiko vilifanya kazi yake. Kishindo kilimleta mwalimu mkuu mbio. Akasimama mlangoni, akatazama kengele, vijiko, saa ya mezani na pazia ulivyotuma wiki iliyofuata, akauliza, "Hili ni darasa au soko la mitumba?" Watoto wakamkaribisha wakampa pazia alishike. Alikaa kwenye kibao kidogo, magoti yakimgusa kidevu, akalizungusha pazia mpaka alipopewa neno. Tangu hapo anapita kila siku kuuliza posta imeleta nini.

Shangazi, niliota nyumba yetu. Nilikuwa nikitembea chumba hadi chumba, pekupeku, sakafu ikiwa na uvuguvugu. Kila nilichotaka kushika kilikuwa kimegeuka karatasi. Kitanda kilikuwa karatasi iliyolala sakafuni, imeandikwa "bed". Meza ilikuwa karatasi. Nikaja sebuleni nikakuita, na sauti yangu ikanirudia mimi mwenyewe. Kulikuwa na karatasi moja dirishani inapepea, nami sikutaka kuisoma.

Nilipoamka nilienda kulitazama lile pazia. Ni la chumba changu. Shimo nililochoma kwa mshumaa bado lipo. Na vijiko ni vyote, hukubakiza hata kimoja. Sukari unaikoroga na nini? Kwenye dirisha langu kuna nini sasa? Niambie, tafadhali. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua.

Binti wa kaka yako

24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Jina limenifurahisha. Mtoto na akunje uso, ni mazoezi.

Siumwi. Chai naikoroga kwa kuizungusha. Dirishani mwako kuna mwanga, mwingi kuliko zamani.

Somo linalofuata ni nomino za makundi: vitu vingi vilivyofungwa pamoja vikapata jina moja. Nakutumia kishada cha funguo. Wasizichomoe kwenye pete yake, maana ndipo somo lilipo.

Shangazi yako

8 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yangu ya mwisho hukuirudisha na wino mwekundu. Nilitikisa bahasha, nikaipasua pembeni, nikatazama ndani kama mtu anayetafuta jino. Hakukuwa na kitu. Koma zangu zilikuwa mbaya kwa makusudi.

Watoto walipenda funguo kuliko vyote. Hawakuwa na haraka ya kupata jina. Hakimu alizijaribu kwenye kabati la vitabu, kwenye stoo, kwenye choo cha walimu, kwenye kufuli la baiskeli ya mwalimu mkuu. Ukungu ulikuwa mzito. Tulikuwa tunausikia mlio wake tu ukizunguka shule, karibu, mbali, karibu tena. Aliporudi aliniambia kwa upole, kama daktari, "Mwalimu, hizi hazifungui hapa. Mlango wake uko wapi?"

Nilizitazama mkononi mwake. Ule mrefu ni wa mlango wa mbele. Ule wenye uzi mwekundu ni wa chumba changu. Mtu hatumi funguo zote za nyumba anayoishi, hata kwa ajili ya sarufi.

Nimempigia simu fundi cherehani. Nilijua ungekasirika nami nikapiga. Amesema shule uliyokuwa ukifundisha inataka uirudishe nyumba yake mwisho wa mwezi huu. Amesema umemwomba kile chumba anachowekea vitambaa, nyuma ya mashine, na kwamba kila ulichomwambia umempa mtu, kumbe unakipeleka posta.

Njoo kwangu, Shangazi. Nina chumba ambacho kazi yake ni kuingiza hewa tu. Ulinichukua baba alipofariki, hukuniuliza kama napenda. Sasa na mimi sikuulizi. Njoo.

Binti wa kaka yako

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto wa mdogo wako anaanza kucheka, naambiwa. Ni habari njema; iweke juu ya hizi nyingine.

Fundi cherehani ana mdomo mrefu kuliko uzi wake, lakini hakusema uongo. Nyumba ni ya shule. Nimeishi humu kwa hisani, na hisani haina mzizi. Anakuja mwalimu kijana mwenye watoto, nao wanahitaji mahali pa kuvunjia vikombe. Waliniomba kwa adabu nami nikakubali kwa adabu. Sikukuambia kwa sababu ungekuja mbio ukaacha darasa katikati ya nomino. Chumba cha fundi kina dirisha. Kinanitosha mimi na miwani yangu.

Kuhusu mimi kuhamia kwako, hapana. Ulikuja kwangu ukiwa mtoto. Mtoto hukua, akatoka. Mzee akihamia anakaa. Nimewaona wenzangu waliokwenda kwa watoto wao. Wanawekwa pembeni, penye mwanga mzuri. Wanapanguswa. Wageni wakija wanaonyeshwa, "Huyu ndiye shangazi," na shangazi anatabasamu, kisha watu wanaendelea na mazungumzo juu ya kichwa chake. Nimevipa vitu majina maisha yangu yote. Sitaki kumalizia nikiwa kimoja chao kwenye kona ya nyumba ya mtu.

Usinijibu kwa machozi. Yanafifisha wino.

Shangazi yako

22 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sikuombi tena. Naleta taarifa ya darasa tu, kwa sentensi kavu.

Wiki hii tumeingia kwenye nomino za watu. Kwa kufuata sheria yako, kila mtu aliletwa mwenyewe. Mpishi wa shule alikuja na mwiko, akashikwa, akanuswa, akapewa jina lake. Mlinzi alikuja na tochi. Mwalimu mkuu alijileta bila kuitwa. Wote wanatembea na karatasi zao kifuani, na mpishi anakataa kuivua hata kwenye moshi.

Kisha mtoto mmoja akauliza, "Shangazi anaitwaje kwa Kiingereza?"

Nikawaambia neno hilo sina ruhusa ya kulitoa, kwa sababu sijamleta.

"Si ndiye mwenye maneno yote?" akauliza mwingine.

"Ndiye."

"Basi kamlete," akasema Hakimu. "Sheria ni yake mwenyewe."

Sikuwasomea barua yako, Shangazi. Naapa. Walikwenda wenyewe wakabeba kiti kutoka ofisini, kile chenye mikono. Wawili wakakiweka kwenye kona ya nyuma, karibu na dirisha, penye mwanga mzuri. Hakimu akakikagua, akakikalia, akatikisa kichwa. "Huku hataona ubao," akasema. "Na sisi tukikosea atatukosoaje?" Wakakikokota hadi mbele, kando ya meza yangu, upande wa chaki.

Neno hawalijui, kwa hiyo wamebandika karatasi tupu. Kila asubuhi wanakisalimu kiti kwa Kiingereza. Wanasubiri kidogo, kwa heshima, ukungu ukiingia na kutoka mlangoni, halafu wanakaa. Hawataki kwenda mbele. Nimewaandikia neno jipya ubaoni na wamelipa kisogo. Wanasema bado tupo kwenye lile. Vitenzi vinasubiri nje, Shangazi, na nje kuna baridi.

Mwalimu mkuu anasema darasa la pili na la tatu hayana mtu wa Kiingereza tangu mwaka jana. Alilisema akitazama kile kiti.

Kikombe chako kiko juu ya rafu. Hakuna anayekinywea.

Binti wa kaka yako

29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hii nakuandikia juu ya kizingiti, maana meza imekwenda. Nyumba nimeifagia. Nilipita chumba hadi chumba nikiaga, nayo ikaniaga kwa maneno yaleyale, kama kawaida yake.

Nakurudishia barua zako tatu za mwisho, zenye wino mwekundu unaostahili. Koma za makusudi nimezihesabu kuwa makosa. Na barua ya kwanza kabisa, kama unayo bado, futa lile sahihisho langu juu ya "uniletee". Naona lilikuwa na haraka.

Fundi cherehani amelia kuliko inavyotakiwa kwa mtu aliyebakiwa na chumba chake cha vitambaa. Amenishonea begi. Mwalimu kijana amekuja kupokea nyumba; nimemwambia funguo zimo darasani, zinafundisha, atengeneze nyingine.

Sasa nisikilize. Naja, lakini siji kukaa. Mgeni siku mbili. Ya tatu nipe chaki. Darasa la pili na la tatu ni yangu, na mwalimu mkuu asinishukuru, anipe ubao usio na nyufa. Kile chumba cha pili usikipambe. Stendi usije kunipokea na leso mkononi. Njoo na mikono mitupu, begi ni zito.

Jumatatu asubuhi tangulia wewe darasani. Usiwaambie watoto lolote. Mimi nitapita kwenye huo ukungu wenu peke yangu, nitaingia na kusimama kando ya kiti. Uwe mkali na sheria hata kwangu. Waache wanishike mikono, wanizungushe, wanuse gauni langu, na Hakimu akitaka kuniweka sikioni nitainama. Wakishachoka kunishangaa, ndipo uwape neno.

Shangazi yako